Mficha Maradhi Katika Nyumba ya Wawili



Liko swali ambalo watu waliooana hawaliulizi kwa sauti, ingawa wengi hulala nalo kila usiku. Mtu akiwa na hofu kubwa juu ya afya yake, je, ni haki amfiche mwenzake wa ndoa hofu hiyo? Hatusemi juu ya kuficha ugonjwa wenyewe, maana wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Twasema juu ya hofu inayobaki baada ya ugonjwa kujulikana, wakati dawa zimekwisha kununuliwa na nyumba nzima inadhani mambo yametulia.

Tuchukue ugonjwa mmoja uwe mfano wetu. Ni ule wa moyo kupiga bila mpango, ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atria. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu havikazi na kulegea kwa pamoja kama inavyotakiwa, bali hutetemeka tu, na mapigo hutoka ovyo. Ukiweka vidole kwenye mkono wa mgonjwa utasikia kama ngoma inayopigwa na mtoto asiyejua mdundo. Wengine hapa kwetu wameupata kwa sababu ya shinikizo la damu lililokaa miaka bila kutibiwa. Wengine, na hao mara nyingi ni vijana, chanzo chake ni maumivu ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, na baadaye vali za moyo zikaharibika.

Mgonjwa huyo huambiwa kliniki mambo mawili. La kwanza, damu yaweza kuganda katika vyumba vinavyotetemeka, kisha donge likasafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. La pili, moyo ukienda mbio kwa muda mrefu waweza kuchoka na kushindwa kufanya kazi. Ni neno hili la pili linalomfuata hadi nyumbani. Kushindwa! Usiku akilalia ubavu wa kushoto husikia moyo wake ukigonga kwenye mto, naye huanza kuhesabu. Kadiri anavyohesabu, ndivyo hofu inavyopanda. Kadiri hofu inavyopanda, ndivyo moyo unavyozidi mbio. Basi huyachukua mapigo yale kuwa ushahidi kwamba saa yake imewadia. Mkewe amelala karibu naye, wala hajui lolote.

Kwa nini hasemi? Mara nyingi si kwa ubaya, ni kwa upendo. Anajiambia: mama watoto ana mzigo wa kutosha, karo ya muhula haijalipwa, kwa nini nimwongezee usiku wa kukesha? Mke naye akiwa mgonjwa husema vivyo hivyo: baba watoto ametoka kazini amechoka, acha alale. Hoja hii si ya kudharauliwa. Kuna heshima katika kutomtwika mwenzio kila wazo linalokupitia kichwani, na mtu anayelalamika kutwa kucha huichosha nyumba.

Lakini tazama kinachotokea pale ukimya unapokuwa desturi. Mwenye hofu huacha kwenda shambani, naye huitwa mvivu. Huacha kugeukia upande wa mwenzake kitandani, naye hudhaniwa amepata mwingine. Hutafuna nusu ya dozi ili dawa zifike mwisho wa mwezi, kwa kuwa hataki gharama ionekane katika hesabu ya nyumba. Je, mwenzake amepunguziwa mzigo? La hasha. Ameongezewa mzigo asiojua jina lake. Tena amenyimwa kitu kilicho haki yake. Siku ile mlipoahidiana mbele ya altare kukaa pamoja hata katika ugonjwa, hamkuahidi kugawana vidonge tu. Hofu nayo ni sehemu ya ugonjwa. Ukimfungia mwenzio nje ya hofu yako, umemzuia kutimiza ahadi aliyokupa.

Wengine watasema kwamba wasiwasi ni upungufu wa imani, kwa hiyo anayeuona moyoni mwake huona haya kuutaja. Kuogopa kifo si dhambi, ni ubinadamu. Linalotuhusu ni lile tunalolifanya na hofu hiyo. Nasi twasema hofu yapaswa kupewa kimo chake cha kweli, isizidi wala isipungue, na kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na watu wawili.

Basi kimo chake ni kipi? Kwanza, moyo kushindwa kufanya kazi hakuna maana ya moyo kusimama ghafla. Maana yake ni kwamba moyo hausukumi damu ya kutosha kwa mahitaji ya mwili. Ni hali nzito, lakini ina matibabu, na kwa kawaida hutoa dalili. Mgonjwa hukosa pumzi akilala chali na kutaka mito zaidi, huvimba miguu, huchoka kwa kazi aliyoizoea, au uzito wake hupanda zaidi ya kilo 2 kwa siku 3 bila sababu. Hizi ndizo za kuangaliwa, wala si kila pigo lililoruka.

Pili, si kila mwenye mapigo ya ovyo hufikia huko. Dawa za kutuliza mbio za moyo zinatolewa kwa kusudi hilohilo. Hata moyo uliokwisha kudhoofishwa na mbio, mara nyingi hurudia nguvu mbio zikitulizwa mapema. Tatu, hofu ya moyo kushindwa isiwasahaulishe kiharusi. Ugonjwa huu huongeza hatari yake karibu mara 5, lakini dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Mtu anayekesha akiusikiliza moyo wake huku akiruka dozi ya warfarini ameogopa mahali pasipo na kuacha mlango wazi mahali pengine.

Sasa, wewe uliye mgonjwa, wajibu wako ni upi? Sema ukweli, tena kwa maneno ya wazi: "Usiku naogopa." Mpeleke mwenzio kliniki nawe, asikie kwa masikio yake. Usifiche gharama, kwa maana hata bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, ni jambo la nyumba nzima, si la mtu mmoja. Mwambie anayepika kwamba unameza warfarini. Sukuma wiki haikatazwi, ila iliwe kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, kwa sababu ikizidi au ikipungua ghafla hubadili nguvu ya dawa. Usinunue dawa za maumivu dukani kabla ya kuuliza, kwani baadhi yake huweza kuleta kutokwa na damu. Nawe mama unayetumia warfarini, mwone daktari kabla ya kushika mimba, au mara tu unapohisi umeshika. Dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Lakini usiiache kwa shauri lako mwenyewe.

Nawe uliye mzima, una wajibu ulio mgumu zaidi. Ukiisha kuambiwa siri ya hofu, usiigeuze kuwa kamba ya kumfungia mwenzio. Tumewaona walioambiwa "naogopa" wakawa askari wa gereza: jembe limefichwa, safari ya sokoni imekatazwa, na kila akikohoa anaulizwa kama anakufa. Mtu hawezi kupona katika nyumba inayomlilia angali hai. Daktari akisema atembee, tembea naye. Usimnyang'anye mamlaka ya mzazi mbele ya watoto. Wala usiipeleke habari yake kwa wakwe na majirani bila ruhusa yake, ije ianze minong'ono ya nani amemroga. Siri hiyo umepewa wewe.

Juu ya tendo la ndoa, wengi huliacha kimya kimya, kila mmoja akidhani mwenzake hataki, kumbe wote wawili wanaogopa. Kwa kawaida, mgonjwa ambaye hali yake imetulia, na anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kukosa pumzi, hana sababu ya kulikimbia. Muulizeni daktari mkiwa wawili, bila haya. Amekwisha kuulizwa hayo mara nyingi.

Mwisho, tengeni saa. Chagueni siku moja katika wiki, watoto wakiisha kulala, mketi dakika chache. Pimeni uzito, tazameni miguu, hesabuni vidonge, na mgonjwa aseme lililomwogofya wiki hiyo. Kisha fungeni mazungumzo hayo hadi wiki ijayo. Dalili ikitokea kati, msingoje siku yenu, nendeni hospitali. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, nendeni saa hiyohiyo. Siku zilizobaki ni za kazi, za watoto na za kucheka.

Haitawezekana kumwahidi mwenzio kwamba moyo wake hautachoka kamwe. Hakuna mwanadamu mwenye uwezo huo. Lakini waweza kumwahidi kwamba hataogopa peke yake. Anayetaka kuitunza ndoa yake na aanze hapo, usiku huu, kwa swali moja: "Baba, au Mama, unalala vizuri?" Kisha anyamaze, angoje jibu.