Kanga ya Mjane

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba umahiri wa kubuni hadithi ni wingi wa maneno mateule. Na kwa kuwa nililelewa katika kivuli cha Shaaban Robert, ambaye katika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, aliwapa watu wake majina yanayotangaza tabia zao, Karama akiwa mshtakiwa na Majivuno akiwa mshtaki, nami nilizijaza kurasa zangu akina Subira na akina Husuda, nisitambue kwamba lile lililokuwa hekima kwake, maana yeye alisawiri nchi iliyo angani ili aipime dhuluma ya duniani, kwangu lilikuwa uvivu wa kuwatazama watu.

Siku moja nilimpelekea maalim mmoja wa Pangani, msomaji mwenye adabu asiyeficha neno la haki, kisa changu cha mjane, chenye kurasa nne za kilio. Alikisoma hata mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, siku alipotoka eda, alijitanda kanga gani?"

Sikuwa na jawabu. Msiba wake niliujua. Yeye mwenyewe sikumjua.

Nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye amekaa eda mara mbili, nikaketi naye ukumbini bila ya kumhoji, kwani naamini mwandishi aulizaye mno hupewa majibu ya heshima na kunyimwa ya kweli. Naye, akichagua mchele katika ungo, alinieleza kwa hiari yake kwamba baada ya ile miezi minne na siku kumi alifungua kasha, akakuta kipande kimoja tu cha doti aliyoipenda, akakumbuka kwamba cha pili ndicho alichokuwa akimfunikia mumewe katika maradhi yake. Basi akajifunga hicho, akajitanda kisicho jozi yake, akatoka njiani hivyo hivyo, mbele ya macho ya mtaa mzima.

Kwa idhini yake nilikiandika kisa upya. Kilio chote nilikifuta, na kufuta kuliniuma kuliko kuandika, maana baadhi ya sentensi zile nilizipenda kama wanangu. Nikabakisha kasha, kanga mbili zisizolingana, na majirani waliotazama wasiseme kitu.

Maalim alipokwisha kukisoma mara ya pili hakusifu wala hakulaumu. Aliniuliza iwapo mama yule alibakiwa na watoto wa kumtazama.