Seremala, Mbao Mbichi na Amana



Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu akikulipa kwa kazi asiyoweza kuikagua, je, una wajibu wa kumfunulia kasoro ambayo macho yake hayaioni? Wengi watajibu haraka, "Bila shaka." Darasani jibu hilo ni jepesi. Katika karakana lina gharama yake.

Nilikutana na swali hili Rumonge, nilipokuwa nikisomea useremala katika shule ya ufundi. Wapo waliotuonea huruma, wakidhani mwenye akili husomea kazi za ofisini na aliyeshindwa ndiye hushika randa. Hao tuliwakumbusha Nabii Zakariya (a.s.), ambaye katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim tunafahamishwa kuwa alikuwa seremala. Lakini heshima ya kazi haimfanyi kila anayeifanya kuwa mwaminifu.

Kwetu mbao nyingi ni za mikaratusi. Mti uliokatwa juzi bado una maji mengi, na ubao wake hukauka kwanza kwa nje huku ndani ukiwa mbichi. Unapoendelea kukauka hunywea, tena kwa upana zaidi sana kuliko kwa urefu. Ndipo ulimi unapolegea ndani ya tundu lake na mlango unapopinda. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kupanga mbao kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Lakini nani atangoje mwaka mzima, na bwana harusi anataka kitanda Ijumaa ijayo?

Fundi asiye mwaminifu ana njia ya mkato. Huchanganya unga wa mbao na gundi, huziba nyufa, hupiga msasa, kisha hupaka vanishi. Siku ya kukabidhi, kitanda cha mbao mbichi na cha mbao kavu havitofautiani. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika mbao, siku ya kwanza, kibaya nacho hujiuza. Mwalimu wetu alilijua hilo. Stuli tulizounda wakati wa mvua za Machi na Aprili hakuzitia alama palepale. Alizifungia stoo mpaka Septemba, kiangazi kizipitie kwanza. Alituambia kuwa mtahini wetu ni kiangazi, si yeye.

Mteja hana nafasi hiyo. Analipa leo, na kiangazi chake kitakuja baadaye. Katikati ya siku hizo mbili hana kinga ila ulimi wa fundi. Hiyo ndiyo amana.

Kuna hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Mbao kavu ni ghali, kwa sababu fedha za fundi zimelala humo muda mrefu. Mvuvi wa ndagala mwenye faranga chache, tukimkatalia kitanda cha mbao mbichi, atalala chini. Na nikimweleza ukweli, huenda akaenda kwa jirani ambaye hasemi kitu.

Hapa hunisaidia hadithi ya muuza chakula, iliyomo pia katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akajitenga na mwenye kudanganya. Tuangalie vizuri: kosa halikuwa mvua, lilikuwa kuuficha unyevu chini. Kwa ufahamu wangu, basi, fundi anaweza kumuuzia mvuvi kitanda cha mbao mbichi, kwa bei ya mbao mbichi, akishamwambia: "Kiangazi kikifika kitalegea, niletee nikikaze." Maskini ana haki ya kuchagua kilicho rahisi. Anayenyamaza anamnyang'anya haki hiyo, kisha anaita huruma.

Hata hivyo, kusema ukweli hakuhalalishi kila kitu. Tuchukue boti yenye ubao uliooza. Mwenye boti aweza kuambiwa na kukubali, lakini abiria watakaopanda hawakuwepo wakati wa mapatano, na Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470. Hatari ikiwaangukia wasioulizwa, fundi hana budi kukataa kazi.

Je, utapoteza wateja? Baadhi, ndiyo. Sioni faida ya kuwaficha hilo ndugu zangu, kwani uaminifu usiogharimu chochote bado haujajaribiwa.

Nawe unayesomea uuguzi, uhasibu au ujenzi, kesho watakujia watu wasiojua kusoma kipimo, daftari wala ramani. Kila fani ina mbao zake mbichi. Ziweke juu zionekane.

Allah atujaalie tuwe waaminifu kwa kinachoonekana na kisichoonekana. Wabillahi tawfiq.