MJUMBE WA ABRAHAMU NA KONTRA YA LABANI

Masomo: Mwanzo 24; Mwanzo 29:15-30; 2 Wafalme 5:15-27



Wengi kati yenu mumetuomba tuseme juu ya jambo moja linalotembea siku hizi kati ya vijana wetu, na hata kati ya watu wazima waliofiwa. Ni jambo la kulipa makuta ili kutafutiwa mchumba. Kuna wanaolipa kwa njia ya simu, dolari zinakatwa kila mwezi, ili waonyeshwe picha za watu ambao hawajulikani wanaishi wapi. Kuna wanaompa mtu wa mjini anayesema ana daftari lenye majina ya mabinti wema na wanaume wenye kazi. Tena kuna wengine, na hapo ndipo mioyo yetu inauma zaidi, wanaompa makuta mtu anayejiita mtumishi wa Mungu, ili awaonyeshe mume au mke kwa maono. Kisha miezi inapita, mchumba haonekani, makuta hayarudi, na mtu anaona haya kusema.

Hatutaki kuwalaumu haraka. Wazee wetu hawakumwacha kijana atafute peke yake. Ndugu za baba walikaa, shangazi aliulizia tabia ya binti, mjomba alisikilizwa, mjumbe alitumwa, na mbuzi zilihesabiwa mbele ya watu wa pande mbili. Mjumbe alikuwa mtu anayejulikana nyumba yake. Kama alidanganya, kijiji kizima kilijua mlango wa kugonga. Lakini tangu Octoba 2014, mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni, na baadaye yakafika hata huku sekta ya Rwenzori, jamaa zimetawanyika. Shangazi yuko Oicha, mjomba alikimbilia Uganda, baba amezikwa mahali ambapo hatuwezi kwenda kulia. Binti amefika hapa Mutwanga na mkeka wake na wadogo zake wawili. Nani atamsemea? Nani atauliza habari ya kijana anayemtaka? Simu iko mkononi, umeme wa maji ya mlima wetu uko tangu 2013, na bei ya kakao ilipopanda mwaka 2024 makuta yakaonekana katika mifuko ya watu ambao hawakuzoea kuwa nayo. Mwenye kutega mtego anajua njia ambayo mnyama anapitia.

Basi tufungue Mwanzo 24. Abrahamu amezeeka, anataka mwana wake Isaka apate mke kutoka kwa ndugu zake. Anamtuma mtumishi wake mkubwa, tena anamwapisha. Hiyo ni kontra, wapendwa, msidhani Biblia haijui kontra! Lakini angalieni mambo yake. Kwanza yule mtumishi mwenyewe anauliza kabla ya kuapa: itakuwaje kama mwanamke atakataa kunifuata? Naye Abrahamu hakasiriki, anamjibu wazi kwamba hapo atakuwa huru na kiapo hicho. Maana yake ni kwamba mlango wa kutokea ulionyeshwa kabla ya mtu kuingia. Neno hilo halikuandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi. Lilisemwa mwanzo, kwa sauti.

Kisha mtumishi anafika kwenye kisima, anaomba Mungu, Rebeka anakuja na mtungi wake, ananywesha hata ngamia kumi. Wale wanaojua kuchota maji kwa mtungi wanajua kazi hiyo! Alipoingizwa nyumbani na kuwekewa chakula, alikataa kula mpaka aseme neno lililomleta. Hakuficha alikotoka, hakuficha ametumwa na nani, hakuongeza mali ya bwana wake ili kupendeza. Zawadi alizitoa yeye, hakuziomba. Na mwisho kabisa jamaa wanamwita Rebeka, wanamwuliza kinywa kwa kinywa kama anataka kwenda na mtu huyu. Binti anajibu mwenyewe kwamba atakwenda.

Sasa, katika sura hiyo hiyo kuna kijana mmoja tunayempita bila kumwangalia. Ni Labani, kaka ya Rebeka. Maandiko yanaonyesha kwamba alikimbia kumpokea mgeni alipokwisha kuona pete na bangili za dhahabu mikononi mwa dada yake. Mwanzo 24:30, someni polepole. Aliona dhahabu kwanza, kisha akamwona mgeni. Miaka mingi inapita, na katika sura ya 29 Yakobo mwana wa Rebeka anafika kwa mjomba huyo huyo, mikono mitupu, akikimbia hasira ya Esau. Yeye ni mtu aliyekimbia, kama wengi wetu. Hana ngamia, hana wazee wa kumsemea. Labani anamwambia kwa upole ataje mshahara wake. Yakobo anataja Raheli na miaka saba. Labani anakubali. Miaka saba inalipwa yote, usiku wa arusi unafika, na asubuhi Yakobo anaona kwamba aliyepewa ni Lea.

Hapo ndipo tunasikia kilio cha kila mtu aliyelipa na kudanganywa: nilikutumikia kwa ajili ya nani, na wewe umenifanya nini? Na jibu la Labani ni jibu la wafanya biashara wote wa namna hiyo hata leo. Anasema hapa kwetu si desturi kumtoa mdogo mbele ya mzaliwa wa kwanza. Desturi hiyo ilikuwa wapi miaka saba? Kwa nini haikutajwa siku ya kupatana? Ilifichwa mpaka malipo yamekwisha. Kisha anamwuzia tena, miaka saba mingine, na Yakobo, kwa kuwa moyo wake umekwisha kufungwa, analipa mara ya pili. Katika Mwanzo 31:41 anahesabu miaka ishirini na mshahara uliogeuzwa mara kumi.

Musifikiri Labani alikufa. Mwaka 2018, huko London, tribunali kubwa ya Uingereza ilikata neno la mwanamke mmoja aliyelipa paundi 12,600 kwa shirika la kutafutia matajiri wachumba, jina lake Seventy Thirty. Aliambiwa kwamba wanaume matajiri ni wengi katika daftari lao. Jaji alipochungua aliona kwamba wanaume waliokuwa kweli katika utafutaji walikuwa karibu 100 tu, na akasema hesabu hiyo haiwezi kuitwa wengi. Akaamuru arudishiwe paundi 12,600 na kuongezewa 500 kwa uchungu wake. Lakini tuseme na upande wa pili, kwa sababu sisi ni watu wa kweli: mwanamke huyo aliamriwa naye kulipa shirika paundi 5,000 kwa maneno mamoja aliyoyatangaza juu yake yaliyopita ukweli. Mwenye kudanganywa hana ruhusa ya kusingizia.

Huko Marekani tume ya serikali inayolinda wanunuzi ilishtaki Match Group mwezi wa Septemba 2019. Kampuni hiyo iliahidi kwamba asiyepata mtu wa moyo wake kwa miezi sita atapewa miezi sita mingine bure. Tume ikasema ahadi hiyo ilikuwa na masharti mengi ambayo hayakuonyeshwa vizuri, na kwamba kujiondoa katika malipo kulifanywa kuwa kazi ngumu. Mwezi wa Agosti 2025 kampuni ilikubali kulipa dolari milioni 14 ili neno liishe, na kugeuza njia zake. Je, hamuoni Labani hapo? Ahadi mbele, desturi nyuma! Tena hilo ni kampuni lenye anwani na mawakili. Wanyang'anyi wa mapendo, wenye picha zilizoibwa, hawana hata anwani: mwaka 2022 peke yake, huko Marekani, watu karibu 70,000 walitoa habari kwamba waliibiwa kwa njia hiyo, na hesabu yote ilifika dolari bilioni 1.3. Hao ni watu wenye shule na polisi wa karibu. Sisi wa Rwenzori tutamshtaki nani?

Katika jimbo la New York sheria inakataza mashirika hayo kudai zaidi ya dolari 1,000, inakataza kontra ipite miaka miwili, na inampa aliyetia mkono siku tatu za kugeuza nia na kurudishiwa makuta yake yote. Siku tatu! Wapagani wameona kwamba mtu mpweke hana nguvu ya kufikiri vizuri siku ya kwanza, wakampa siku tatu za kutuliza moyo. Sisi tunaojua habari ya Rebeka tunamkaza binti ajibu leo.

Musije mkasema haya ni mambo ya wazungu tu. Binti za Labani wenyewe, Lea na Raheli, wanalia katika Mwanzo 31:15 kwamba baba yao amewauza na kula makuta yao. Hapa kwetu mali ya ndoa ni mbuzi, lakini mara nyingi siku hizi mbuzi anaitwa mbuzi na huku anahesabiwa dolari, na kuna wazazi wanaoandika kwenye karatasi vitu ambavyo kijana hakuvisikia siku ya kujitambulisha. Hiyo nayo ni kontra ya Labani. Sheria ya jamaa ya inchi yetu, ya 1987 na ile iliyoitengeneza 2016, inataka mali itolewe walau sehemu kabla ya ndoa kuandikwa, lakini haimlazimishi mchumba kuoa au kuolewa kwa sababu ya uchumba tu. Na ng'ambo ya Kasindi, tribunali ya juu ya Uganda ilikata neno tarehe 6 Agosti 2015 kwamba kudai mali irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa sababu mwanamke si kitu cha sokoni kinachorudishwa dukani.

Sasa tuje kwenye nyumba ya Mungu, kwa maana hukumu inaanzia hapo. Kanisa letu linaamini maono. Mungu anasema na watumishi wake kwa ndoto na kwa Roho, hatutalikana neno hilo kwa sababu ya waongo. Lakini Elisha alipomponya Naamani, mtu huyo alikuja na fedha na dhahabu na nguo, na nabii akakataa kabisa. Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari, akatunga hadithi ya vijana wawili wageni, akaomba talanta moja, akapewa mbili. Munajua alivyorudi nyumbani, mweupe kwa ukoma. Kwa nini Elisha alikataa? Kwa sababu Naamani angerudi Siria akisema amenunua uponyaji, na neema ya Mungu ingekuwa na bei.

Mtu atatuuliza juu ya 1 Samweli 9, ambako Sauli na mtumishi wake walitafuta robo ya shekeli ya kumpelekea mwonaji. Ni kweli. Lakini soma vizuri: mwonaji hakuidai, wala hakusema punda hawataonekana mpaka italipwa. Yule anayekuambia kwamba mume wako amefungwa katika maji, na kwamba atafunguliwa kwa dolari 50 leo na 50 juma lijalo, huyo ni Gehazi. Anayekuambia maombi yake hayakufanya kazi kwa sababu hukuongeza sadaka, huyo ni Labani na Gehazi katika shati moja. Na kama anavaa kanzu ya kanisa letu, tunataka kulijua jina lake kabla ya wengine.

Kwa hiyo tunawaomba wazee na mama wa kanisa wachukue kazi ya shangazi na mjomba waliotawanyika. Binti yatima asikose mtu wa kuuliza habari za kijana: amezaliwa wapi, ana mke mahali pengine ama hapana, jamaa yake wanasemaje. Kazi hiyo haina malipo. Atakayepokea hata kuku kabla ya ndoa, amrudishe. Na ninyi vijana mulio na simu, hatuwakatazi kuzungumza na mtu wa mbali, Isaka naye alioa mtu wa mbali. Lakini asiyekubali kuonyesha uso wake kwa wazee, na anayeomba makuta ya safari kabla hamjaonana, mwacheni.

Wale waliokwisha kutia mkono kwenye karatasi yoyote ya namna hii, au ambao dolari zao zinakatwa kila mwezi na hawajui namna ya kuzizuia, waje kwa wazee Jumapili baada ya ibada ya asubuhi na karatasi hiyo, ama na simu yenyewe. Hakuna atakayechekwa. Tutaisoma pamoja nao mstari kwa mstari, na kuandika barua ya kujiondoa siku hiyo hiyo, kabla ya mwezi mwingine kuanza.