Tabibu na Aache Kalamu na Fiqhi?

Kijana mmoja anayesomea utafiti wa maradhi ameniuliza: je, ni khiyana kwa elimu hiyo kuendelea na darasa ya fiqhi na uandishi? Namtajia Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288. Tabibu huyu alisomesha fiqhi ya Kishafii, madhehebu yetu, na akatunga kisa cha mtu aliyekulia kisiwani peke yake. Naye ndiye aliyekataa kauli ya Jalinus kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo; akasema hupita mapafuni. Aliyezoea kupima dalili za wanazuoni, atashindwaje kupima za matabibu? Lililonitia haya ni jengine: wengi hatukuijua kauli hiyo mpaka mwaka 1924, daktari wa Kimisri alipoikuta katika nuskha iliyokuwako Berlin. Basi kijana na aje darasani, na daftari lake alichukue.