Kati ya Amri ya Saba na Amri ya Nane

Miaka michache iliyopita, vijana wa usharika tunaouhudumia walichanga fedha wanunue kompyuta ya kuhariri video za kwaya na kurusha ibada mtandaoni. Kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote ndani yake kilikuwa kadi ya grafiki, kile kibao chenye feni kinachoiwezesha kompyuta kushughulikia picha na video kwa kasi. Waliinunua kwa mfanyabiashara ambaye ni msharika mwenzetu. Hata mwezi haujaisha, ujumbe ukaanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp: duka lile linauza kadi feki, na mwenye duka anajua.

Tuliusoma ujumbe ule, wala hatukuuliza umetoka wapi. Mchungaji mwenzetu alipotaka kununua kompyuta ya ofisi, tulimwambia, "Pale uwe mwangalifu, Mchungaji, kuna maneno." Tukarudi nyumbani tukiamini tumemsaidia ndugu.

Je, tulikuwa tumetenda upendo, au tulikuwa tumemshuhudia jirani yetu uongo?

Tukiri kwanza kwamba uvumi wa namna ile hauzuki bure. Kadi bandia zipo, na zimekuwapo kwa miaka mingi. Namna moja inayojulikana sana ni hii: mtu huchukua kadi ya zamani, kwa mfano GeForce GTX 550 Ti iliyotoka mwaka 2011, akaandika upya programu ndogo iliyomo ndani yake ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, kadi iliyotoka mwaka 2016. Huibandika lebo mpya na kuitia katika boksi jipya. Ukiichomeka, kompyuta nayo inakuonyesha jina lile la uongo, kwa sababu inaamini inachoambiwa na kadi. Lakini ya kweli ina vitengo vya kukokotoa 768, na ile ya zamani ina 192 tu. Mnunuzi hugundua siku ya kazi nzito, mashine inapokwama katikati ya video, na mara nyingi muuzaji hapatikani tena.

Huo ni wizi. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo sote tuliisoma darasa la Kipaimara, Martin Luther anapoeleza Amri ya Saba hamtaji tu mwizi anayevunja mlango. Anataja pia kuipata mali ya jirani kwa bidhaa za uongo na biashara ya hila. Mithali 11:1 nayo inatuambia jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya udanganyifu. Kwa hiyo anayeonya kuhusu bidhaa bandia anatetea amri ya Mungu.

Lakini mara tu baada ya Amri ya Saba inakuja ya Nane, na hapo Luther anatutaka tusilichafue jina la jirani, bali tumtetee, tumseme vema, na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Ugumu wetu uko hapo. Tukinyamaza, huenda kesho mjane akapoteza akiba yake kwa kumnunulia mwanawe kadi isiyofaa. Tukisema, huenda tukaua jina la mtu asiye na hatia. Amri hizi mbili zinaonekana kutuvuta huku na huku.

Wengi wetu hukimbilia methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni methali ya hekima kwa anayetaka kuchukua tahadhari. Tukiigeuza kuwa hukumu, tumewapa wasemaji kazi ya mahakimu. Kumbukumbu la Torati 13:14 inatoa utaratibu mwingine. Hata katika kosa zito kama mji mzima kuiacha imani, Israeli waliambiwa wasitende kwa kusikia tu. Walitakiwa kuuliza, kupeleleza na kuchunguza kwa bidii mpaka jambo lithibitike. Kumbe uchunguzi ndipo amri hizi mbili zinapokutana: humlinda mnunuzi asiibiwe, na humlinda muuzaji asisingiziwe.

Kwa upande wa kadi, kuchunguza kunawezekana, na hakuhitaji utajiri. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo tangu mwaka 2018 imewekewa uwezo wa kutambua nyingi za kadi hizi za kughushi, na huandika mbele ya jina la kadi neno la Kiingereza lenye maana ya bandia. Fundi anaweza pia kufungua feni na kusoma maandishi yaliyo juu ya chipu: GTX 1050 Ti halisi huwa na GP107, na ile ya 2011 huwa na GF116. Dalili nyingine zinatutia shaka tu. Bei ya chini mno ni dalili. Tundu la zamani la VGA ni dalili, maana chipu ya GTX 1050 Ti haikutengenezwa kutoa picha kwa njia hiyo. Hata hivyo bei inaweza kushuka kwa sababu halali, na kiwanda kinaweza kuongeza kigeuzi cha VGA. Mwenye dalili ana sababu ya kupima, lakini bado hana ushahidi.

Kijana mmoja wa kamati ya vyombo aliipima kadi yetu. Ilikuwa bandia.

Hapo wengine walitaka kutangaza. Wazee wa kanisa wakakumbusha Mathayo 18:15, kwamba anayekosewa huanza kwa kumwendea ndugu yake faragha. Wawili wakaenda dukani jioni na kumwonyesha. Yule baba alinyamaza kwa muda, kisha akaleta kadi tatu zilizosalia katika mzigo uleule. Zikapimwa mbele yake, zote zikawa bandia. Alikuwa amezinunua kwa bei ya kadi mpya, na hakuwahi kujua kwamba kuna namna ya kuzipima. Alirudisha fedha za vijana, akawatafuta wateja wengine watatu na kuwarudishia zao, sehemu yake kwa kukopa.

Basi uvumi ulisema kweli kuhusu bidhaa na ukasema uongo kuhusu mtu. Maneno yale mawili, "na anajua," hayakuwa yamepimwa na yeyote, na ndiyo yaliyomuumiza. Sisi tulikuwa tumeyabeba. Tulimrudia mchungaji mwenzetu kurekebisha, naye akatuambia kwa masikitiko kwamba ameshawaambia wengine. Maji yakimwagika hayazoleki. Tulikwenda dukani kuomba msamaha. Alitusamehe, lakini wateja wake walirudi polepole kuliko walivyoondoka, na wengine hawakurudi.

Tumejifunza kuyatenganisha mambo mawili kila tunapotaka kuonya. Kuhusu kitu, tuseme tunachojua na namna tulivyokijua: "Kadi hii imepimwa, si halisi," au, "Haijapimwa, ipime kabla ya kulipa, na udai risiti." Onyo la namna hiyo linamlinda mjane bila kumhukumu mtu. Kuhusu moyo wa muuzaji, tumwendee yeye kwanza. Akithibitika kudanganya kwa kusudi na asitake kutubu, kumpeleka kwa mamlaka, kama Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia nchini kwetu, ni wajibu wetu kwa jirani atakayefuata. Hata hapo tutatoa ushahidi wa tulichokiona, na si zaidi.

Nasi tunaopenda kupitisha ujumbe wa simu, tujiulize kabla hatujabonyeza: nani amepima? Kama hakuna aliyepima, tunaweza kuwa wa kwanza kufanya hivyo. Inachukua dakika chache kuipima kadi. Kumwendea ndugu kunachukua jioni moja, na ujasiri kidogo ambao Roho Mtakatifu huwapa wanaouomba.

Kompyuta ya vijana sasa ina kadi nyingine. Waliinunua kwa yule baba, na waliipima palepale mezani kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyewawashia mashine.