Furaha ya Kusoma na Malezi ya Nafsi ya Mtoto

Katika kuchagua vitabu vya kusomwa na watoto na jamaa zao nyumbani, lipo swali la kifalsafa ambalo aghalabu hupitwa kimyakimya: je, furaha aipatayo mtoto katika kusoma ina haki ya kuwa kipimo cha kuchagulia kitabu, au furaha hiyo ni ya kuvumiliwa tu kwa kuwa husaidia mafunzo yaingie? Jibu la swali hilo, hata pale ambapo halitamkwi, ndilo linaloamua kitabu gani kiletwe nyumbani, kisomwe wakati gani na kiwekwe kando lini. Makala haya yanatetea rai kwamba furaha ni shahidi asiyeweza kukosekana katika uchaguzi huo, ingawa hukumu haiwezi kuachiwa yeye peke yake, na kwamba mahali panapofaa zaidi pa kuusikiliza ushahidi wake ni katika familia inayosoma pamoja.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki kitabu cha kwanza kushikwa mkononi ni kitabu cha kiada, yaani kile kilichoandikwa kufuata muhtasari wa somo, na hadithi ya kwanza kusomwa ni ile ya ufahamu, ambayo hufuatwa na maswali ya kujibiwa kwa alama. Mtoto aliyezoeshwa hadithi za namna hiyo hujifunza, pamoja na msamiati, kwamba kusoma ni kutahiniwa, na mtihani ukiisha haoni sababu ya kukifungua kitabu tena. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 ili kukabiliana na uhaba wa vitabu vya watoto, na juhudi za aina hiyo zimeongeza hadithi za Kiswahili zinazoweza kusomwa nje ya mahitaji ya darasa. Hata hivyo, vitabu vikiongezeka swali linazidi kuwa kali, maana penye vingi ndipo panapohitajika kujua kwa nini kisomwe hiki na kiachwe kile.

Miongoni mwa wanafalsafa wa kale waliolikabili jambo hili ni Plato wa Athens, ambaye katika kitabu chake cha Jamhuri alidai kwamba hadithi ambazo mama na walezi huwasimulia watoto zichunguzwe kabla ya kuruhusiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba nafsi ya mtoto ni laini, hupokea chapa ya kila inachosikia, na chapa iliyopigwa utotoni ni ngumu kufutika ukubwani. Kwa hiyo alizikataa simulizi za miungu wanaohasimiana na kuwatendea ukatili wazazi wao, hata kama zilikuwa zimetungwa kwa ufundi mkubwa. Kwake yeye, hadithi mbaya inayofurahisha ina hatari kuliko hadithi mbaya inayochosha, kwa kuwa ile ya kwanza hukumbukwa. Wazazi na viongozi wa dini wanaovipekua vitabu kabla ya kuwakabidhi watoto wanaifuata hoja hiyo, na haifai kubezwa, kwa sababu inakiri jambo ambalo wapenda vitabu mara nyingine hulisahau: furaha ni nguvu, na kila nguvu huweza kujenga au kubomoa.

Mtazamo wa pili huikubali furaha, lakini huipa cheo cha mtumishi. Mshairi wa Kirumi Lucretius, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliufananisha utamu wa shairi na asali inayopakwa kwenye ukingo wa kikombe ili mtoto anywe dawa chungu bila kujua. Karne nyingi baadaye, mwaka 1693, mwanafalsafa wa Uingereza John Locke alishauri kwamba mtoto afundishwe kusoma kana kwamba anacheza, kisha apewe ngano za Aesop, ikiwezekana zenye picha, kwa kuwa zingemchangamsha mtoto na bado zimpe mtu mzima cha kutafakari. Mwaka 1744 mchapishaji John Newbery alitoa jijini London kitabu kidogo cha watoto kilichokusudia kuunganisha mafunzo na burudani, na soko la vitabu vya watoto la Kiingereza likakua kwa kufuata njia hiyo.

Mtazamo huu wa asali una busara, ila una kasoro iliyofichika. Ukichukulia kwamba kitabu kina sehemu mbili zinazotengana, funzo lililo chungu na utamu uliopakwa juu yake, basi mtoto mwerevu atajifunza kulamba asali na kuacha dawa, na hapo mwandishi hana cha kumlaumu, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyevitenga viwili hivyo. Ndiyo maana hadithi nyingi zilizotungwa kwa nia njema, ambamo mtoto mtiifu hupewa zawadi na mkaidi huvunjika mguu, husomwa mara moja na kusahaulika. Isitoshe, mtoto anayegundua kwamba alikuwa akivutwa kwa hila huanza kukishuku kila kitabu apewacho na mtu mzima.

Jibu lililo bora limo katika mtazamo wa tatu, ambao, ajabu ya mambo, Plato huyohuyo aliuweka msingi wake na mwanafunzi wake Aristotle akauendeleza katika maandishi yake juu ya maadili. Kwa mujibu wao, malezi hasa ni kumzoeza mtu tangu utotoni kufurahia yanayostahili kufurahiwa na kuchukizwa na yanayostahili kuchukiza, kabla akili haijakomaa kiasi cha kueleza sababu, ili sababu zitakapokuja zimkute tayari ameshaelekea upande wa sababu hizo. Kwa maana hiyo furaha ina kazi kubwa kuliko kulipeleka somo, kwa kuwa yenyewe ndiyo somo. Mtoto anayefurahi mnyonge anapopata haki yake ameshaanza kuwa mwadilifu, ingawa hajui bado kulifafanua neno uadilifu.

Dini mbili kubwa za wasomaji wa Kiswahili zina mashahidi wa mtazamo huu. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, anaeleza katika Maungamo yake kwamba alipokuwa mtoto alikichukia Kigiriki, na hata masimulizi ya Homer yakamgeukia uchungu, kwa sababu alifundishwa kwa vitisho na adhabu kali, ilhali Kilatini alikipokea kwa wepesi katikati ya mabembelezo na michezo ya walezi wake. Akahitimisha kwamba udadisi ulio huru hufundisha kuliko shurutisho la kutisha. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaagiza katika Ihyaa Ulumi-ddin kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo mfululizo huua moyo wake na kuzima akili yake. Katika mlango huohuo Ghazali anataka mtoto asomeshwe Kurani na habari za watu wema, na akingwe na mashairi ya mapenzi. Wanazuoni hawa wawili walikuwa wakali katika mambo ya nafsi, wala hawakutafuta kuwapendeza watu kwa kulegeza masharti, na ukali huo ndio unaoupa uzito ushuhuda wao juu ya furaha.

Jinsi furaha inavyoweza kuwa ufahamu wenyewe huonekana wazi katika hekaya moja ya Abunuwasi, ambayo watoto wa pwani na bara wameisikia kwa vizazi. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani yake na kuirudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani, akieleza kwamba ile kubwa ilikuwa na mimba na sasa imejifungua. Jirani, kwa tamaa, anaipokea ndogo bila kuhoji. Abunuwasi anaazima tena, siku zinapita, na anapodaiwa anajibu kwa majonzi kwamba sufuria imefariki. Jirani anapopiga kelele kwamba chombo hakifi, anaambiwa kuwa aliyekubali kwamba chombo huzaa hana budi kukubali kwamba hufa. Mtoto anayecheka hapo amekwisha kufanya kazi tatu za akili: ameikumbuka kauli ya kwanza, ameilinganisha na ya pili, na ameona kwamba anayeukubali upuuzi unapomnufaisha hana uso wa kuukataa unapomgharimu. Ulinganifu wa hoja, yaani sharti la kutoukana msingi ambao mtu mwenyewe ameukubali, huelezwa na wanamantiki kwa kurasa nyingi, naye ameushika kwa cheko moja. Asiyeelewa hacheki, na aliyecheka hana haja ya kuulizwa amejifunza nini. Mchapaji anapoongeza chini ya hekaya hiyo mstari unaosema kwamba tamaa ni mbaya, anaipunguza, kwa kuwa amechagua funzo moja dogo na kuyafunika mengine.

Hata maandiko matakatifu hufundisha kwa utaratibu huohuo. Nabii Nathani, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, hakumwendea Mfalme Daudi na shutuma. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, mfalme akawaka hasira kwa ajili ya maskini yule, na ni baada ya hasira hiyo tu ndipo alipoambiwa kwamba mwovu wa kisa ni yeye. Kurani nayo, katika sura ya 12, inayasimulia maisha ya Nabii Yusuf kwa mtiririko mmoja, kuanzia ndoto ya utotoni hadi kukutana tena na baba yake, na inayaita masimulizi hayo kuwa bora. Msomaji hufikia subira ya Yusuf baada ya kuingiwa na hofu ya kisima, fedheha ya kusingiziwa na upweke wa gereza.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la Jean-Jacques Rousseau, ambaye katika Émile, kitabu chake cha mwaka 1762 kuhusu malezi, aliichambua ngano ya Kunguru na Mbweha ya La Fontaine na kuonya kwamba mtoto atajiweka upande wa mbweha na kujifunza kurubuni badala ya kujihadhari na warubuni. Onyo hilo linamhusu Abunuwasi pia, kwani naye, mwisho wa yote, amebaki na sufuria ya watu. Kulijibu si kuificha hekaya. Dawa yake ni mtu mzima kuwapo inaposomwa, ili mtoto akisema kwamba Abunuwasi ameshinda, aulizwe kama angependa kuwa na jirani wa namna hiyo, kisha aachwe afikiri. Pingamizi la pili ni kwamba hadithi ya kubuni ni uongo, na mtoto hafai kulishwa uongo. Wasimulizi wa Uswahilini walilijibu zamani kwa kibwagizo ambacho wasikilizaji huitikia kabla ya kisa kuanza, wakiikaribisha hadithi, wakiukaribisha uongo wake na kuuomba utamu ukolee. Uongo unaotangazwa mbele ya wote na kupokewa kwa ridhaa haumdanganyi mtu, na mtoto anayeitikia amekwisha kufundishwa kutofautisha kisa na habari.

Kitabu chenye maadili ya wazi hakilazimiki kuwa kikavu, na ushahidi upo katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Majina ya ndugu watatu yanatangaza tabia zao tangu mwanzo, kwani mmoja ni Adili na wengine ni Hasidi na Mwivu, na mwandishi hafichi yuko upande gani. Kinachomshika msomaji ni fumbo: kwa nini gavana aliye mwema huwapiga manyani wawili kila usiku? Msomaji hawezi kutulia mpaka ajue, na anapojua kwamba manyani hao ni ndugu wa gavana waliomdhulumu, tayari ameingia katika swali zito la adhabu, huruma na msamaha bila ya kusukumwa.

Kutokana na hayo, furaha inayofaa kuwa shahidi yaweza kutofautishwa na ile isiyofaa. Ipo furaha ya mshtuko, ambayo hutegemea jambo lisilotarajiwa na huisha linapojulikana. Na ipo furaha ya kudumu, ambayo mtoto huionyesha anapoomba hadithi ileile usiku wa pili na wa tatu, hali anaujua mwisho wake. Kitabu kinachoombwa tena kina kitu ambacho mshangao peke yake hauwezi kukitoa. Jambo la pili la kupima ni kinachochekwa. Fisi wa ngano zetu huchekwa kwa ulafi wake, na ulafi ni tabia ambayo mtu aweza kuiacha. Kitabu kinachomchekesha mtoto kwa kilema cha mtu, umaskini wake au kabila lake kinamzoeza furaha mbovu, na hapo mzazi ana wajibu wa kukikataa hata kama mtoto anakililia.

Jambo la tatu linamhusu mtu mzima mwenyewe. Kitabu cha familia kinapaswa kuvumilia kusomwa kwa sauti, kuwa na sentensi zinazompa msomaji mahali pa kuvuta pumzi, na kumpendeza kweli yule anayekisoma, kwa sababu mtoto huitambua haraka furaha ya kuigiza na kuihesabu kuwa udanganyifu. Penye watoto wa rika tofauti, hadithi yenye tabaka kadhaa, ambayo mdogo ataipenda kwa wanyama wake na mkubwa kwa hoja zake, hufaa kuliko ile iliyokatwa kwa kimo cha mmoja tu. Na mtoto naye apewe haki ya kusema kwamba kitabu hakijamfaa, kwani shahidi anayeshurutishwa kusema ndiyo hana ushahidi.

Kwa hiyo hukumu ni hii: kitabu kisichomfurahisha mtoto hakijaanza kumlea, na kinachomfurahisha kwa mabaya kinamlea vibaya. Mzazi, babu, bibi, mwalimu wa chuoni na katekista wanaombwa wasome kwanza wenyewe, wachague wanachokipenda kwa dhati na wasichokionea haya mbele ya Mungu wao, kisha waketi na watoto wakisome pamoja bila mtihani mwishoni.