Deni Likibadili Mwenyewe

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia tumlipe nani pale mdai anapoliuza deni lenyewe. Mvuvi wa Kirumba aliyeweka hati ya nyumba yake rehani hapa Mwanza alizungumza na ofisa anayejua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kwamba mwezi ukipevuka mfuko hukauka. Siku moja anapata barua ya mtu asiyemjua: sasa nakudai mimi.

Jambo hili si geni nchini. Kwa sheria ya mwaka 1991 Serikali iliunda chombo kilichoitwa LART, kikabebeshwa madeni mabovu ya mabenki ya umma, NBC ikiwamo. Mengi yalikuwa ya mashirika na vyama vya ushirika. Vitabu vya benki vikasafishwa. Mdaiwa akabaki na deni lilelile, ila mlango wa kugonga ukawa mwingine.

Wapo wanaosema aliyenunua deni la milioni kumi kwa milioni tatu adai tatu tu. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini siikubali. Mdaiwa alikopa kumi. Ila anayenunua deni ananunua ahadi, na ahadi hiyo ina pande mbili: benki nayo iliahidi riba, muda na notisi. Mnunuzi hawezi kuchukua nyama akaacha mifupa.

Hapo ndipo sheria inapohitajika. Aliyetoa tatu ataridhika kuiuza nyumba ya milioni kumi na mbili kwa nne. Yeye amepata faida, mwenye nyumba amekosa pa kulala na bado anadaiwa sita! Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 133, inamtaka mwenye rehani atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huhesabiwa amekiuka wajibu mpaka athibitishe vingine. Kwa maoni yangu wajibu huo umfuate kila anayelishika deni, hata akiwa wa tatu au wa nne.

Moja bado linanisumbua. Mdaiwa akija benki na milioni tano mkononi, akiomba zilizobaki asamehewe, huambiwa kanuni haziruhusu. Kisha deni hilohilo anauziwa mgeni kwa tatu. Kanuni zilikuwa wapi siku hiyo, na kwa nini mwenye deni asiulizwe kwanza?